Lubumbashi: Mboga ya kugawia jirani inadai udongo salama

Katika komini za Katuba, Kenya na Ruashi, mjini Lubumbashi, si jambo geni kuona mama akivuna lengalenga au matembele katika parseli yake, kisha akiweka kando fungu moja kwa ajili ya mjane wa jirani au mgonjwa wa kanisani. Hakuna anayemlipa, wala hakuna ofisi inayoandika mchango wake. Lakini kwa familia isiyo na franka za soko, fungu hilo ndilo la kulia bukari siku hiyo.

Kilimo hiki cha mjini kilipata nguvu miaka ya 1990, Gécamines ilipodorora na mishahara kukosekana. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kampuni hiyo ya serikali kupitia mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Watu waliozoea kupokea mfuko wa unga kazini walishika jembe. Kuanzia mwaka 2000, shirika la FAO, kwa fedha za Ubelgiji, liliwasaidia wakulima wa mboga wa Lubumbashi na miji mingine.

Sababu za kulima bado zipo. Sehemu kubwa ya unga wa Lubumbashi hutegemea mahindi ya Zambia. Ukame ulipoipiga nchi hiyo mwaka 2024, ilionekana wazi jinsi sahani ya mkaaji wa Haut-Katanga inavyotegemea mvua ya ng'ambo ya Kasumbalesa. Mboga haiwezi kuchukua nafasi ya unga, lakini inapunguza kile ambacho familia inalazimika kununua.

Tatizo kubwa liko ardhini. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 kiliacha vumbi la madini katika udongo wa mitaa iliyo upande unakoelekea upepo, ikiwemo Penga Penga. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, na kukuta kobalti kwa kiwango cha juu mno kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi nao wamekuta madini kama kadmiamu na risasi katika mboga za majani zinazouzwa sokoni. Kisha mnamo Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda cha madini yalifurika katika mitaa ya upande wa Kasapa.

Hapo ndipo wema unapogeuka mtihani. Mwenye pesa anaweza kubadili soko, lakini anayepewa hachagui. Mtoto anayekula mboga hiyo kila siku ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi.

Jibu si kuwakataza wanaojitolea. Kuosha majani vizuri huondoa vumbi, ingawa hakuondoi madini yaliyokwisha kuingia ndani. Chokaa na mboji vinaweza kupunguza madini ambayo mmea unafyonza. Lakini hakuna mama anayeweza kupima udongo kwa macho.

Mji una chuo kikuu chenye wataalamu wa kilimo, na jimbo linapata kodi ya madini. Kupima viwanja vya mboga na kutangaza mtaa kwa mtaa mahali salama pa kulima ni kazi ya serikali. Jirani amekwisha kutoa fungu lake.