Meno marefu peke yake hayatoshi: tuangalie vizuri mapine ya kinga kabla mvua haijakolea



Leo sitaongea siasa. Nitaongea pine ya kinga. Najua kuna atakayecheka na kusema mwandishi amekosa habari. Acha acheke. Katika mji huu nyumba nyingi zinapika kwa makala, na makala mengi yanaingia mjini juu ya magurudumu mawili. Simama barabara ya Kasenga asubuhi na mapema utaona: kinga imebeba gunia tatu, wakati mwingine zaidi, mwenyewe anaisukuma kwa mgongo uliopinda hata kichwa chake hakionekani nyuma ya mzigo. Amesafiri usiku kutoka porini. Kamyo za mgodi zinampita karibu kabisa. Na kilichopo kati yake na udongo ni mpira ule tu.

Siku hizi kati ya wasukumaji hao nakuta wageni wengi. Ni baba waliotoka upande wa Mitwaba na Pweto miaka ile ya taabu, na wengine waliotoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kutekwa mwanzoni mwa 2025. Hapa hawana shamba wala ndugu ofisini. Wakipata pesa kidogo, wananunua kinga iliyokwisha kutumika, na mara nyingi ni VTT, kwa sababu ina sura ya nguvu na pine zake zina meno makubwa.

Jirani yangu mmoja ni wa hao. Alitoka Goma, na kule alizoea chukudu, ile ya mbao, ambayo magurudumu yake yanafungwa ukanda wa mpira wa pine kuukuu, na breki yake ni kipande cha mpira unachokanyaga kwa mguu nyuma. Ukiwa na chukudu husomi namba yoyote. Unakata mpira, unapiga misumari, safari inaendelea. Alipofika hapa akanunua VTT, pine ya nyuma ikaisha, akaenda sokoni. Kinga yake ni ya 26, akaomba pine ya 26, akapewa ya 26. Nyumbani pine iliingia kwenye janti kwa urahisi wa ajabu, hata akafurahi. Alipopiga pompi, upande mmoja ukatoka nje ya janti, mpira wa ndani ukachomoza kama puto, ukapasuka. Mtoto aliyelala aliamka akilia, kwa sababu kwao mlio kama ule una maana nyingine.

Aliporudi kwa muuzaji akaambiwa: umeshaifunga, siirudishi. Pesa ya siku kadhaa ilikwisha hapo.

Sikiliza sasa kosa lilikuwa wapi. Namba 26 peke yake haisemi kitu. Pine ya VTT ya kawaida imeandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, yaani kwa nukta. Ile aliyopewa iliandikwa 26 x 1 3/8, yaani kwa sehemu, ni ya kinga nyembamba za mjini. Zote zinaitwa 26 lakini janti zao zinapishana zaidi ya sentimita tatu. Ndiyo maana mimi nawaambia watu waache namba kubwa na watafute ile ndogo iliyochorwa ubavuni mwa pine, yenye kistari katikati: 50-559, kwa mfano. Hiyo ya kwanza ni upana wa pine kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali pine inapokaa kwenye janti. VTT ya 26 ni 559. Ile aliyouziwa jirani ni 590. VTT mpya za 27.5 ni 584, na za 29 ni 622. Zile kinga ndefu nyeusi za chuma, ambazo wabeba makala wengi wanazipenda, nyingi ni 28 x 1 1/2, yaani 635. Lakini kuna 28 nyingine ambayo ni 622, na hazibadilishani hata ukilazimisha kwa bisibisi. Nenda sokoni na pine yako ya zamani mkononi, au andika namba hiyo juu ya karatasi. Namba ya pili lazima ifanane kabisa. Namba ya kwanza inaweza kupishana kidogo, mradi pine isiguse fremu wala breki.

Tuje kwenye meno. Hapa ndipo nitagombana na wengi.

Watu wanaamini pine yenye meno makubwa ni nzuri kila mahali. Si kweli. Jino linafanya kazi pale linapoweza kuzama: kwenye matope, kwenye mchanga, kwenye njia ya porini yenye majani yaliyooza. Kwenye lami jino halina pa kuzama. Linasimama juu kama mguu wa kiti, linapinda kila ukikanyaga, linakula nguvu zako na linaisha haraka. Hata kwenye lami yenye maji, meno hayaongezi usalama kwenye kinga. Gari linaweza kuelea juu ya maji kwa sababu pine yake ni pana na mwendo ni mkubwa. Pine ya kinga ni nyembamba, ina shinikizo kali, inapasua maji yenyewe hata ikiwa laini. Kwa hiyo mama anayepeleka mboga kutoka Katuba mpaka soko la Kenya kwa barabara nzuri, meno makubwa yanamchosha bure. Anahitaji pine yenye mistari midogo, iliyojazwa upepo vizuri. Anayeingia porini barabara ya Kasenga mwezi wa kwanza, udongo mwekundu ukiwa kama sabuni, huyo ndiye mwenye haki ya meno, na ayachague yaliyo mbalimbali, kwa sababu meno yaliyobanana yanajaa tope na pine inageuka kuwa mche wa sabuni wenyewe.

Anayefanya yote mawili, na hao ndio wengi, achukue pine ambayo katikati meno yake ni mafupi na yamekaribiana, na pembeni ni marefu. Katikati panatembea lami, pembeni panashika wakati wa kukata kona kwenye tope.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo. Chukua njiti ya kibiriti. Unene wake ni karibu milimita 2. Ilaze kati ya meno ya katikati. Kama njiti imejificha, bado una kitu. Kama imetokeza juu ya meno, pine hiyo kwa tope imekwisha, ibaki ya lami tu. Halafu pitisha kidole kwenye ncha ya jino. Jino jipya lina kona kali, na kona hiyo ndiyo inayouma udongo ukipiga breki. Jino lililoviringika kama kokoto linateleza hata likiwa refu. Pinda pine na uangalie chini ya meno: ukiona nyufa, au jino limeanza kung'oka kwenye mzizi, iache. Na ukiona nyuzi, hata mahali padogo kama ukucha, usipime tena chochote. Hiyo ni ya kutupa, au ya kukata viraka kwa kwado.

Angalia pia zile zinazouzwa kama mpya. Pine iliyotundikwa juani tangu mwezi wa saba mpaka wa kumi ina meno yote lakini mpira umekauka. Ikunje ubavuni: ikionyesha mipasuko midogo kama ardhi ya kiangazi, muuzaji amekuuzia sura tu.

Swali ninaloulizwa zaidi: ukiwa na pesa ya pine moja, uiweke wapi? Wabeba mizigo wote watakujibu nyuma, kwa sababu mzigo uko nyuma na nyuma ndiko kunakoisha haraka. Nawaelewa. Lakini gurudumu la nyuma likiteleza, unayumba na mara nyingi unashika. La mbele likiteleza, uko chini tayari, na gunia zinakuja juu yako. Mimi nasema meno mazuri yakae mbele, na nyuma ikae pine yenye ubavu mzima na nyuzi zisizoonekana, hata kama meno yake yamechoka. Kwa hiyo ukinunua mpya, ifunge mbele, na ile iliyokuwa mbele ihamie nyuma ikiwa ubavu wake bado imara. Kwado wangu wa pale kona hakubaliani na mimi mpaka leo. Ila yeye hasukumi makala.

Niruhusuni neno moja la pembeni. Dunlop alitengeneza pine ya upepo kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa kigari cha mtoto wake. Miaka michache baadaye Ulaya nzima ilitaka mpira, na ni nchi hii iliyolipa: wazee wetu walipelekwa porini kwa fimbo na bunduki kukata mpira wa mwitu kwa ajili ya Leopold, mpaka 1908. Leo mjukuu wao anauziwa mpira uliopasuka, na haruhusiwi hata kuusoma kabla ya kulipa.

Ndiyo, wauzaji wengine wanakataza mteja kufungua karatasi iliyofunika pine. Hilo ndilo ninalolipinga. Ombi langu kwa wauzaji wa soko la Kenya na wa Mzee ni dogo: andikeni 559, 590, 622 na 635 juu ya kibao, kila rundo na namba yake, na mtu akirudi siku hiyo hiyo na pine isiyo na tope, mbadilishieni. Na nyinyi mnaogawa kinga kwa familia zilizokimbia vita, asanteni, lakini ulizeni kwanza baba huyu atapita njia gani. Niliona kinga mpya kabisa zenye pine laini za mjini zikipewa watu ambao kazi yao iko kwenye tope, na mvua ya mwezi wa kumi na moja haikuchelewa.

Jirani yangu sasa ana pine ya 559. Alichukua na njiti ya kibiriti mfukoni siku aliyokwenda kununua, na muuzaji alimwuliza kama amekuja kuvuta sigara.