Ninunue Wapi Zawadi ya Zanzibar?

Kila unapokaribia msimu wa likizo, marafiki zangu wa Bara na wale wanaoishi ughaibuni huniuliza swali moja: nikifika Zanzibar, ninunue wapi zawadi za kurudi nazo, na wapi nitapata bei nafuu? Jibu la mkato lipo. Pita mtaa wa Gizenga, ingia Hurumzi, uliza bei, taja theluthi yake, kisha anza kupatana. Mimi sitoi jibu hilo, kwa kuwa linamwonesha mnunuzi mlango wa duka na kumficha mtu aliyekitengeneza kitu kinachouzwa humo.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya laki sita. Hata kama kila mmoja wao angenunua kitu kimoja tu kilichotengenezwa kwa mikono ya wenyeji, fedha hiyo ingeendesha maisha ya vijiji vizima vya Unguja na Pemba. Lakini tembea Mji Mkongwe, utazame rafu za maduka: sumaku za kubandika jokofuni, vikuku vya plastiki, kofia zilizoshonwa kwa mashine nje ya nchi, na mikoba iliyoandikwa jina la Zanzibar na kiwanda kisichoijua Zanzibar. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika vichochoro vyetu vya utalii, kinachojitembeza ndicho kinachokaa mbele ya duka.

Tuutazame ukili. Mwanamke wa kijijini hutafuta ukindu, huuanika, huuchambua, huuchemsha na rangi, husuka ukili mrefu, kisha huushona mkeka au mkoba. Tuchukue mfano wa kukadiria: mkoba unauzwa shilingi 30,000, na kazi yake imechukua siku nne. Aliyemleta mgeni dukani anachukua kamisheni ya shilingi 6,000. Mwenye duka anatoa humo kodi ya pango, umeme na faida yake. Msukaji amelipwa shilingi 8,000, yaani shilingi 2,000 kwa siku. Sasa mgeni anafurahi kwamba amepunguziwa shilingi 5,000. Pango la duka halikupungua, wala kamisheni haikupungua. Safari ijayo mwenye duka atamwambia msukaji kwamba wageni siku hizi hawana fedha, na shilingi 8,000 zitageuka 6,000. Binti wa msukaji huyo anaiona hesabu hiyo kila siku, naye hatajifunza kusuka.

Kofia ya viua inayodariziwa kwa mkono ina kisa hicho hicho. Huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na haiwezi kushindana kwa bei na ile ya mashine. Inaweza kushindana kwa ukweli tu, iwapo mnunuzi ataelezwa tofauti. Asipoelezwa, atanunua ya mashine na kuamini kwamba amebeba urithi.

Sisemi haya kwa kuwachukia wauza maduka au vijana wa Bara wanaotafuta riziki visiwani. Picha za Tingatinga zinazopamba kuta za Mji Mkongwe zimetokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefanya kazi yake Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Vinyago vya Wamakonde navyo vina kwao. Ni sanaa za heshima, na mgeni ana haki ya kuambiwa zinakotoka. Wala sidai kwamba chochote kilichotengenezwa ng'ambo si chetu. Kanga imekuwa ikichapwa Ulaya, Japani na India kwa vizazi kadhaa, na bado ni yetu kwa sababu maneno, matumizi na ladha vimebaki mikononi mwa wanawake wa pwani. Ninachokipinga ni uongo wa asili.

Hapo ndipo penye jibu langu kwa wanaouliza. Nunueni pale ambapo wenyeji wenyewe hununua. Nendeni Darajani, soko ambalo jengo lake ni la mwaka 1904, mkachague doti ya kanga. Bei yake inajulikana kwa kila mama anayepita, na kwa hiyo hakuna mchezo mkubwa wa kupandisha na kushusha. Nunueni humo karafuu, mdalasini, hiliki na kungumanga, lakini muepuke vipakiti vinavyoitwa zafarani ya Zanzibar, kwa kuwa zafarani si zao la visiwa hivi. Mkifika Paje au Jambiani, tafuteni sabuni ya mwani kwa wanawake wanaoulima. Kilimo cha biashara cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kwa miaka mingi zao hilo limekuwa likisafirishwa ghafi kwa bei duni. Kipande cha sabuni kinachouzwa kijijini humwachia mkulima thamani ambayo gunia la mwani mkavu halimwachii. Na msinunue kamwe magamba ya kasa, makombe ya baharini, wala vipande vya milango ya kale. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na urithi unaobebwa kipande kwa kipande huisha.

Hata hivyo, dhamiri ya mnunuzi mmoja haitoshi, na hapa nazungumza na watumishi wa umma wanaonisoma. Sheria ya Zanzibar ya mali za viwanda ya mwaka 2008 inatambua alama za kijiografia, yaani haki ya zao au bidhaa kulindwa kwa jina la mahali inakotoka. Kwa nini mkeka wa ukili na kofia ya mkono visiwe na alama hiyo, pamoja na jina la kijiji na la kikundi kilichovitengeneza? Tusisahau kwamba kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kulisajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara, na Wakenya pamoja na washirika wao wakalazimika kupinga hadi ombi hilo likaachwa mwaka 2008. Asiyeandikisha chake huja kukipigania mlangoni kwa jirani.

Jambo la pili halihitaji hata sheria mpya. Wizara na taasisi zetu huandaa makongamano mfululizo, na katika mengi niliyohudhuria washiriki tumegawiwa mikoba ya nailoni iliyoagizwa kutoka nje. Zabuni hizo zikipewa vikundi vya wasukaji, kwa bei inayolipa siku za kazi, vitapata soko la mwaka mzima lisilotegemea msimu wa wageni. Serikali haiwezi kumlaumu mtalii kwa kununua kitu ambacho yenyewe hainunui.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi dogo. Mkiingia duka lolote la zawadi, ulizeni maswali matatu: nani amekitengeneza, wapi, na amelipwa kiasi gani? Muuzaji asiyejua leo atatafuta jibu akiulizwa mara kumi wiki hii, kwa maana mfanyabiashara husikiliza kinachoulizwa. Kisha, mkipata jibu la kweli na bei ya haki, lipeni. Shilingi 5,000 mnazoziacha mezani ni siku mbili na nusu za mtu aliyeketi barazani kwake akisuka.