AFYA YA FAMILIA: Usione Haya Kupeleka Choo cha Mtoto



Mtoto akilalamika tumbo, wengi wetu husema, "Ni minyoo tu," tukakimbilia vidonge vya dukani. Mwezi huu tuzungumze juu ya kupima choo, jambo ambalo akina mama wengi hulionea haya.

Mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka mitatu. Alikuwa akiharisha choo chenye harufu kali, tumbo limejaa gesi, na uzito unapungua. Dawa ya minyoo alikwisha kupewa mara tatu. Tulipima choo mara moja, hakikuonekana kitu, tukamruhusu aende. Baada ya wiki tatu akarudi, mtoto amekonda zaidi. Safari hii tulipima choo cha siku tatu tofauti, na siku ya tatu darubini ikaonyesha jiadia, kijidudu kisichoonekana kwa macho. Dozi moja ya dawa ya minyoo haitoshi kukiua. Alipopata dawa inayofaa, alipona.

Kosa lilikuwa letu, na tulijifunza. Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakithibitishi kwamba mtoto ni mzima, kwa sababu vijidudu na mayai ya minyoo huenda visionekane katika kila choo.

Basi mama, zingatia haya:

1. Omba kopo safi lenye kifuniko pale zahanati. Achana na kile kisanduku cha kiberiti cha zamani.

2. Mtoto ajisaidie kwenye poti safi na kavu. Choo kisichanganyike na mkojo, maana huua amiba, wala na udongo, maana una vijidudu vyake. Chota kwa kijiti kiasi cha punje ya harage. Ukiona kamasi au damu, chota hapo.

3. Kipeleke mapema. Choo cha majimaji kipimwe ndani ya nusu saa, hivyo ni vema mtoto ajisaidie pale pale zahanati.

4. Mweleze mhudumu dawa zote ambazo mtoto amekwisha kunywa, hata zile za kienyeji. Usifiche.

Mtoto akijikuna sana sehemu ya haja kubwa usiku, sema hivyo. Kuna minyoo midogo myeupe kama uzi ambayo hutoka usiku kutaga mayai nje, kwa hiyo choo mara nyingi hakiionyeshi. Hupimwa kwa kubandika selotepu mahali hapo asubuhi, kabla mtoto hajaoga wala kwenda haja. Na viganja vya mtoto vikiwa vyeupe, omba damu nayo ipimwe, kwani safura hunyonya damu kimya kimya.

Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni na kliniki msizikatae. Husaidia watoto wengi kwa pamoja. Lakini mtoto anayeumwa apimwe. Na akiharisha damu, akiwa na homa kali, au macho yakiwa yamebonyea, msisubiri kopo wala kesho. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Yule mama alituambia alichelewa kwa kuona haya kubeba choo njiani. Wapendwa, sisi wauguzi hatumcheki mtu kwa hilo. Watoto ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu, na kopo dogo ndani ya kikapu si mzigo mkubwa.

Mungu awabariki.