Baiskeli nzuri haitoshi bila njia salama

MFANYAKAZI wa Dar es Salaam anayetaka kwenda kazini kwa baiskeli hukabiliwa na uchaguzi wa aina mbili: mpya kama Phoenix ya China, au ya mtumba yenye gia kutoka Ulaya.

Yenye gia ni nyepesi na hupanda mlima bila kumchosha mwendeshaji. Hata hivyo, gia zikiharibika, vipuri huwa adimu, na si kila fundi wa kando ya barabara anayeweza kuzitengeneza. Phoenix ni nzito na kwa kawaida haina gia, lakini keria yake hubeba mzigo, madigadi humkinga mwendeshaji na tope, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Kwa mwenye kipato kidogo, hesabu hiyo huishinda kasi.

Lakini hakuna aina iwezayo kumkinga mwendeshaji na lori. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza huduma Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli. Hatua hiyo ilikuwa ya maana, ingawa pikipiki na wafanyabiashara wadogo huziingilia njia hizo, na katika barabara nyingi nyingine mwendeshaji hugombea lami na magari.

Baiskeli humpunguzia mfanyakazi mzigo wa nauli ya daladala kila siku. Akihofia uhai wake, ataiacha nyumbani, iwe na gia au isiwe nayo. Uamuzi huo umo mikononi mwa wapangaji wa barabara kuliko wauzaji wa baiskeli.