Mstaafu na Gari Lake la Kale

Wapo walimu wastaafu wanaohamia ughaibuni kuwafuata watoto wao, na baadhi yao hutamani kuondoka na magari yao ya kale. Mathalani Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na lililopata kuunganishwa papa hapa Mombasa.

Wanaowacheka wazee hao wanakosea. Ya kale ni dhahabu, na sheria za ng'ambo zayaheshimu. Nchini Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Marekani nayo hailitaki gari la miaka 25 litimize masharti ya usalama ya magari mapya.

Hata hivyo, naonelea mstaafu atafakari kabla ya kulipakia gari melini. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, la kale likishatoka, si rahisi kupata jingine la kushika nafasi yake.

Wanaopata hasara ni wanafunzi wa ufundi. Injini yenye kabureta haina kompyuta. Mwanafunzi huifungua kwa spana, akaona mwenyewe jinsi petroli inavyochanganyika na hewa.

Basi, mwalimu mwenzangu, nauli ya meli ikikulemea, au ukihofia chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa barafu isilile bati, likabidhi gari chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Wewe utakuwa umestaafu. Gari lako litaendelea kufundisha.