Likizo ya Kutuliza Akili, Garissa

Shule zikifungwa jamii nyingi za Nairobi hukimbilia pwani, zikarudi zimechoka na mifuko mitupu. Je, umewahi kuifikiria Garissa? Aliye na jamaa mtaani Waberi hana taabu ya malazi.

Nje kidogo ya mji iko Bour-Algi, hifadhi ya twiga inayotunzwa na wenyeji. Kusini zaidi, upande wa Ijara, iko Ishaqbini, ambako mwaka 2012 hirola 48 walizungushiwa ua wa kuwazuia simba na chui. Swala hawa wamebaki chini ya 500 duniani. Kutembea miguu alfajiri, kunywa maziwa ya ngamia na kulala mapema hutuliza akili kuliko kelele za hotelini.

Lakini likizo hii ifanywe kwa kiasi. Wageni wawe wachache, kwani maji ni ya shida. Kiongozi wa njia awe kijana wa hapo, na chakula kinunuliwe kwa akina mama wa kijiji.

Hili si jambo dogo. Machi 2020, twiga mweupe na mwanawe walikutwa Ishaqbini wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja. Mfugaji anayepata karo kutokana na wageni huwa mlinzi wa kwanza wa mnyama.

Kabla ya safari, ulizia usalama kwa wenyeji na Shirika la Wanyamapori.