Kitanda Kimoja, Wagonjwa Wawili, Hongera

Ukisikia mkubwa fulani akisifu ufanisi wa hospitali ya umma, muulize swali moja tu: amehesabu gharama ya nani?

Mara nyingi ni ya hospitali peke yake. Upande mmoja wanaweka kinachoingia: madaktari, wauguzi, vitanda, pesa. Upande wa pili kinachotoka: wagonjwa waliotibiwa. Anayetumia kidogo na kutoa kingi ndiye bingwa. Kwa karatasi, safi kabisa.

Sasa ingia wodini. Vitanda 20, wagonjwa 40, wanalala mzungu wa nne. Kwa hesabu hiyo vitanda vimetumika asilimia 200. Hongera! Na yule mama aliyejifungua usiku akaruhusiwa asubuhi kwa sababu kitanda kinangojewa? Amepunguza wastani wa siku za kulazwa. Hongera tena!

Mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu hospitali moja ya umma. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukamwona daktari saa tisa. Halafu tukaandikiwa: nendeni chemisti ya nje, mlete glavu, sindano na dawa. Nikatoa 1,850. Kwa vitabu vya hospitali, mgonjwa mmoja ametibiwa na dawa ya stoo haikuguswa. Lakini mimi ni mtu wa kuandika kwa kibarua, nisipoandika silipwi, na siku yangu haikuingia kwa hesabu ya mtu. Gharama haikupungua. Ilihamia mfukoni mwangu.

Kulinganisha nako kuna mambo yake. Mwaka 2002, Joses Kirigia na wenzake walichapisha utafiti kuhusu hospitali 54 za umma hapa Kenya. Hospitali 14, yaani asilimia 26, zilionekana kukosa ufanisi. Hizo zingine 40 je? Usishangilie bado. Njia waliyotumia hupima hospitali kwa hospitali: zile zinazoshinda wenzake ndizo zinakuwa kipimo. Ni kama darasa ambalo nambari moja amepata alama 41. Ni wa kwanza, sawa, lakini mtihani amepita? Watafiti sina shida nao, walionyesha mahali rasilimali zinapotea. Shida yangu ni na wanasiasa wanaosoma "ufanisi" wakidhani wameambiwa "huduma nzuri". Mimi niliacha chuo kabla ya digrii, lakini tofauti hiyo naiona.

Na sisemi tuache kupima. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, na zote 47 lazima zilinganishwe. Bila kipimo, gavana atakata utepe, apigwe picha, aende zake. Tupime vyote basi: saa tulizongoja, pesa tulizoacha chemisti, waliorudi wiki iliyofuata wakiwa wamezidiwa, waliokufa. Kisha matokeo yabandikwe mlangoni mwa kila hospitali, kwa Kiswahili, mahali hata mtu wa boda anaweza kusoma akingoja abiria.

Tangu Oktoba 2024, walioajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya. Zingatia hiyo nukta. Serikali inajua kuhesabu vizuri sana ikiwa inachukua. Ihesabu hivyo hivyo ikifika zamu ya kutuhudumia.